Marehemu wa Wiki

Kocha Stany alimtangaza Jémima kuwa marehemu Jumamosi alasiri, dakika chache tu baada ya mchezo kwisha. Wasichana wa timu ya mpira wa mikono ya Kapata, mtaa wa pembezoni mwa Kolwezi, walikuwa wameketi kwenye saruji iliyopasuka, miguu imenyooshwa mbele, jasho limechanganyika na vumbi jekundu. Walikuwa wamefungwa kwa goli moja. Penalti ya mwisho aliirusha Jémima, na mpira uligonga mwamba ukarudi uwanjani.

"Nani alituua leo?" kocha aliuliza.

Wasichana walijipangusa jasho.

"Nauliza, nani alituua?"

"Jémima," alisema Stéphanie, kapteni wao, bila kuinua macho.

"Basi Jémima alikufa." Kocha alikunja mikono kifuani kama mtu aliyesimama mbele ya jeneza. Wasichana wawili watatu walicheka kidogo kwa sababu walijua ndivyo ilivyotakiwa. "Mpaka Jumamosi ingine. Sheria munaijua. Mufu hasalimiwe, hajibiwe, hapewe mupira. Na ye mwenyewe hasemi, juu bafu habasemake." Wafu hawasemi: sheria hiyo wote waliijua.

Jémima alikuwa na miaka kumi na mitano. Kidole gumba cha mkono wake wa kuume kilikuwa kimevimba tangu Jumatano. Alimwonyesha kocha siku ileile, na kocha akakifunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akasema maumivu ni mambo ya kichwa. Sasa alitaka kumkumbusha jambo hilo. Alifungua kinywa, akaona wenzake wote wamekwisha kusimama na kumpa migongo.

Hakuwa wa kwanza. Stéphanie mwenyewe alikufa mwezi wa pili, na wengine walimfuata, na wote walifufuka. Jémima aliwahi kuwapa mgongo kama wenzake, akidhani wiki ni kitu kifupi.

Walirudi nyumbani kwa kundi, wakipita kando ya barabara ya malori ya madini. Yeye alitembea nyuma yao. Walipopunguza mwendo, alipunguza. Walipokata kona bila kugeuka, alisimama kidogo karibu na nguzo ya umeme ili umbali uongezeke, maana kufuata watu wasiokutaka ni aibu hata kama njia ni moja.

Jioni hiyo simu ya Kisimba, baba yake Jémima, ililia. Kisimba alikuwa pwantere kwenye yadi moja ya malori: kila asubuhi alisimama langoni na daftari, akiandika nani amefika kazini na nani hakufika. Alikuwa mtu mpole, na wenye sauti kubwa walimpata kwa urahisi.

"Tata Kisimba," kocha alisema, "nakuomba kitu kimoja. Ku nyumba pia mumuache. Siku saba tu. Mukianza kumubembeleza, kazi yangu yote inaharibika."

"Kumuacha namna gani, Coach?"

"Musimusemeshe. Ni pedagojia, tata. Batu ba Lubumbashi banakuja mwisho wa mwezi kuchagua batoto ba provinsi. Unataka bamukute mulegevu?"

Kisimba hakujua pedagojia ni nini hasa, na aliona haya kuuliza. "Sawa, Coach," alisema. "Ye ni mutoto wako."

Mkewe, Ndaya, alikuwa akisonga bukari, ugali wa mahindi, jikoni. Kisimba alisimama mlangoni, akazungusha simu mkononi.

"Kocha anaomba tumuache Jémima kimya mpaka Jumamosi. Ni mambo ya mupira."

Ndaya alifikiri. Kanisani kwao wako watu wanaojitenga siku tatu au siku saba, wakasema maneno machache ili wamsikie Mungu. "Ni kama retreti?"

"Njo vile," Kisimba alisema haraka, akifurahi kupewa neno.

Basi Ndaya akaiheshimu retreti ya mtoto wake. Alimfunikia chakula bila kumwita. Alimwachia maji ya kuoga mlangoni. Dada zake wawili Jémima walikuwa wameolewa Likasi, na chumbani alilala peke yake. Ndaya alipiga magoti chumba cha pili akamwombea kwa sauti ya chini, ili asimsumbue. Upande wa pili wa ukuta Jémima alisikia mnong'ono huo, akasubiri mama yake amalize na kuja. Mama alimaliza, akaenda kulala.

Siku ya Jumatatu mezani Kisimba alitaka mtoto aongezewe sombe, mboga ya kisamvu. Akamwambia mkewe, "Mupatie sombe." Mtoto alikuwa ameketi mkono mmoja kutoka kwake.

Mazoezini Jumanne, Jémima aliketi juu ya tofali pembeni mwa uwanja. Sheria ilitaka mfu afike kila mazoezi na kutazama. Jua lilikuwa kali na hakuwa amebeba maji. Mdogo kuliko wote katika timu, Glodie, mwenye miaka kumi na miwili, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuokota mipira iliyotoka, alimpitia akamwekea chupa mguuni.

"Kunywa," alisema.

Filimbi ikalia. "Glodie! Unapatia nani maji?"

"Jémima."

"Jémima gani? Mi sione mutu pale. Bengine, munaona mutu?"

"Hapana, Coach!" walijibu wote kwa pamoja, kama darasani.

Kocha alikuja akaichukua ile chupa, akamimina maji chini polepole mpaka yakaisha. "Maji ya mufu banamwangaka chini," alisema. Wasichana wakacheka. Glodie alikimbia mizunguko kumi. Jémima aliangalia mahali maji yalipozama, na hakuinua kichwa mpaka mazoezi yakaisha.

Glodie alikaa upande mwingine wa Kapata, safu za nyumba zilizo karibu na barabara. Jumatano jioni alikataa kula. Mama yake, Mama Simone, alimshika paji la uso.

"Uko na homa?"

"Hapana."

"Juu ya nini haule?"

"Juu ya Jémima."

"Jémima wa Mama Ndaya? Anafanya nini?"

"Alikufa, mama. Tangu Jumamosi." Halafu mtoto akaanza kulia kwa nguvu hata akashindwa kupumua, na Mama Simone akamkumbatia. Hakumwuliza zaidi. Mtoto anayelia hivyo haulizwi habari za maiti.

Kilichomchoma Mama Simone kilikuwa hesabu ya siku. Jumamosi mpaka Jumatano! Mwenzao wa kanisa amefiwa siku tano, na hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kuketi naye. Ndaya ni mtu wa kimya, pengine hakutaka kusumbua watu. Mama Simone alijifunga kitenge akaenda kumwona Mama Laure, kiongozi wa akina mama.

"Siku tano!" Mama Laure alisema. "Tutaweka sura wapi?"

Alhamisi saa tisa alasiri, Ndaya alikuwa anatwanga sombe nyuma ya nyumba aliposikia kilio. Kilianza barabarani, kikaja kikikua, kikaingia langoni kwake. Alitupa mchi akakimbia mbele. Akina mama tisa walikuwa wameingia, vitenge vimefungwa kiunoni, mikono juu ya vichwa. Mmoja alikuwa na gunia la makala, mkaa wa kupikia, mwingine mfuko wa unga, mwingine ndakala, dagaa wakavu, zilizofungwa kwenye gazeti. Glodie alishika kitenge cha mama yake.

Ndaya aliwaza jambo moja tu: malori. "Ni Kisimba? Semeni! Ni lori?"

"Mama, jikaze," Mama Laure alisema akimkumbatia kwa nguvu. "Mutusamehe, tulichelewa. Mutoto ni wa Mungu. Alikukopesha, alimukamata."

"Mutoto gani?"

"Jémima wetu, mama."

Mtoto alikuwa amerudi kutoka shuleni saa saba, Ndaya alimwona kwa macho yake. Lakini mtu akiletewa kilio nyumbani hukiamini kabla ya kuyaamini macho yake. Aliketi chini vumbini akapiga yowe, na wale wengine wakapiga naye.

Ndipo Jémima akatokea pembeni mwa nyumba, ndoo ya maji mkononi, akaja kuona kuna nini.

Mama mmoja alikimbia akaacha sandali moja langoni. Gunia la makala likaanguka. "Yesu wangu," alisema Mama Laure, akabaki mdomo wazi.

"Jémima!" Ndaya alimrukia, akamshika mashavu, akamshika mabega. "Sema kitu! Salimia bamama, baone uko muzima!"

Jémima aliweka ndoo chini. Aliwatazama wote, akatazama barabara kama anayechungulia iwapo kuna anayemwona, akatikisa kichwa.

"Jémima, mi mama yako nakusemesha!"

"Hawezi kusema!" Glodie alipiga kelele akilia. "Coach alisema bafu habasemake! Mpaka Jumamosi! Mi nilimupatia maji, na Coach aliyamwanga!"

Kwa maneno ya mtoto huyo, kidogo kidogo, akina mama walielewa. Hakuna aliyecheka. Mama Simone alitaka kumchapa Glodie kwa aibu aliyomletea, akainua mkono, kisha akautua mkono huo kichwani pa mtoto.

Wakati huohuo Kisimba alikuwa anashuka kwenye pikipiki kwenye kona, na muuza mkate akamwambia, "Tata, pole sana. Kwako kuko kilio." Kisimba alikimbia. Hakuwa amekimbia kwa miaka mingi. Kofia ilianguka hakuiokota. Alipoingia akamwona mke yu hai na mtoto yu hai, alishika nguzo ya baraza akahema, na machozi yakamtoka mbele ya wanawake wote.

Mama Laure alimngoja apate pumzi. "Tata Kisimba, hii mambo ya kocha. Ulijua?"

"Aliniomba, mama. Siku saba."

"Na we ulimujibu nini?"

"Nilisema sawa."

"Uliniambia ni retreti," Ndaya alisema.

"We njo ulisema retreti," Kisimba alijibu kwa sauti ndogo, na wale akina mama wakageuza macho pembeni, kila mmoja akatafuta kitu cha kutazama.

Ilibaki shida ya vitu. Ndaya alitaka warudi na unga wao na makala yao, lakini Mama Simone alikataa. Kilicholetwa kwenye kilio hakirudi kwenye nyumba kilikotoka. Ukikirudisha, unarudi nacho kilio. Basi wakawasha moto palepale wakapika. Hawakujua waimbe au wasiimbe, wakapika kimya. Sahani ya kwanza walimpa Jémima. Akaanza kula kwa mkono wa kushoto.

"Mukono ya kuume iko wapi?" Ndaya alianza kumkemea, kisha akauona. Kidole gumba kilikuwa kimenenepa na kuwa cheusi kama bilinganya changa, na kile kipande cha mpira wa baiskeli kilikuwa kimekata ngozi.

"Tangu lini?"

Ndaya alikata ule mpira kwa kisu cha mboga, akakiosha kidole kwa maji ya chumvi, polepole, akiwaza kwamba siku zote hizo alikuwa chumba cha pili, anaomba.

Ijumaa Kisimba aliomba ruhusa kazini akaenda uwanjani. Alimkuta Kocha Stany ameinama, anachora mistari kwa majivu. Alikuwa peke yake. Hakuna aliyemlipa kazi ile, na hilo Kisimba alilijua, ndiyo maana maneno makali aliyoyapanga njiani yalianza kulainika.

"Coach, bamama balikuja kulia kwangu jana. Balifikiri mutoto alikufa kweli."

Kocha alicheka, halafu akaona uso wa Kisimba akaacha. "Kweli kweli?"

"Balileta unga. Na makala."

Kocha alisimama, akapangusa mikono. "Tata, mi sijapiga mutu hata siku moja. Uliza. Sisi kocha wetu alikuwa anatufunga ku nguzo ya goli na kamba, jua inatupiga mpaka magaribi. Mi ni maneno tu. Ni maneno, tata."

"Kidole pia ni maneno?"

"Kidole kitapona. Stéphanie alicheza na goti ya kuvimba." Alitazama mistari yake, kisha akauliza aliyetoa siri, kama jambo dogo, "Ni nani alitosha maneno inje?"

Kisimba alikuwa ameishi miaka kumi na tisa akiulizwa nani yuko na nani hayuko, na akijibu. Jina lilimtoka kabla hajafikiri. "Katoto ka Mama Simone. Glodie."

"Ah. Glodie." Kocha aliitikia kwa kichwa.

"Lakini ya Jémima umalize leo, Coach. Umutoshe leo, nakuomba."

"Kesho, tata. Kesho atafufuka mbele ya bote, kwa heshima. Ukimutosha leo ku mulango ya nyuma, batamuona mufu siku zote." Akampa mkono. Kisimba aliupokea, akasema asante. Alipofika njiani akajiuliza asante ya nini.

"Haendi," Ndaya alisema aliposikia. "Haendi kesho, hatakwenda tena. Imeisha."

Jémima alikuwa mlangoni. Ndipo akasema, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, na sauti ilitoka ikikwaruza kama ya mtu aliyeamka. "Mama, nisipoenda kesho, nani atanifufua?"

"Haukukufa!"

"Kwenu sikukufa. Kwa bale nilikufa."

"Mi njo nilikuzaa, Jémima. Mi nasema uko muzima."

"Najua, mama." Alisema kwa upole, kama anayemfariji mtoto. "Lakini we hauko mu timu."

Ndaya alikuwa na neno la Biblia kwa magonjwa, kwa njaa, kwa safari, kwa mume aliyechelewa. Alilitafuta la jambo hili akiwa amepiga magoti, safari hii kando ya kitanda cha Jémima, mkono wake juu ya blanketi. Hakulipata. Asubuhi alikifunga kile kidole kwa kitambaa safi, akaenda naye uwanjani.

Timu iliyokuja ilitoka upande wa mjini Kolwezi, imevaa viatu vizuri. Kabla ya filimbi, Kocha Stany aliwapanga wasichana wake duara. Jémima alisimama nje ya duara. Kocha aliinua mkono mmoja juu.

"Lazaro!" aliita kwa sauti ya mhubiri. "Toka inje!"

Wasichana wakapiga kelele, wakamrukia Jémima, wakamkumbatia, wakamvuta ndani ya duara. Stéphanie alimbusu shavuni. Watu pembeni walipiga makofi. Ndaya hakupiga. Aliijua sura ile ya Yohana kwa moyo, na alijua kwamba Bwana alilia machozi kwanza. Huyu hakulia.

Jémima alifunga magoli matano. Kila aliporusha mpira alikunja uso, na kila goli lilipoingia aligeuka kumtazama kocha kabla ya kumtazama mwingine yeyote. Walishinda.

Nyumbani aliongea mpaka jua likatua. Alieleza kila pasi, nani alimpa, nani alimkosa, kocha alisema nini. Kisimba alicheka, akapiga goti kwa kiganja, akamwambia arudie lile goli la tatu, na yeye akarudia. Ndaya alisikiliza akichambua mboga. Sauti ilikuwa juu mno. Mtoto hakuacha nafasi hata moja kati ya neno na neno, kama vile kimya kikipata upenyo kitaingia tena.

"Unaona?" Kisimba alimwambia mkewe baadaye. "Alirudi."

Jumatatu alasiri Ndaya na Jémima walikwenda kuchota maji. Bomba la kwao lilikuwa limekauka, wakaenda lile la karibu na barabara. Palikuwa na mstari mfupi. Mbele yao alisimama Glodie na bidoni ya manjano, dumu la kuchotea maji. Aligeuka, akaona, uso wake ukafunguka.

"Jémima, yambo."

Jémima alitazama, juu ya kichwa cha yule mtoto, lori lililokuwa likipita.

"Jémima. Ni mi."

Ndaya aligusa bega la binti yake. "Mwenzako anakusalimia."

"Nani?" Jémima aliuliza. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akarudisha macho kwa mama yake. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetoa habari kwamba bomba halina maji. "Mi sione mutu."

Kwenye mstari msichana mwingine wa timu alicheka, na Jémima akatabasamu naye kidogo. Kisha zamu ya Glodie ilipofika, Jémima akaweka ndoo yake mbele, akapita pale alipokuwa Glodie kama panapopita upepo, akachota, akajitwika, akaondoka na yule msichana mwingine wakizungumza.

Ndaya alibaki. Glodie alijaza bidoni yake macho yakiwa chini.

"Nini, mama yangu?" Ndaya aliuliza. "Ulikosa penalti?"

Mtoto alitazama barabarani kwanza. "Coach anasema mi njo nilitosha maneno inje," alinong'ona. "Ni mpaka Jumamosi. Mama Ndaya, usinisemeshe. Batatuona."

Ndaya alifunga bomba. Ndoo yake aliiacha palepale, tupu. Aliinua ile bidoni ya manjano akaitwika kichwani, akamshika Glodie mkono, akaenda naye kuelekea safu za nyumba za kando ya barabara, kwa akina Glodie, akiipa nyumba yake mgongo. Njia nzima alimsemesha kwa sauti kubwa ili kila aliyekaa barazani asikie. Alimwuliza habari za shule. Alimwuliza mama yake anapika nini leo. Alimwuliza kama ndakala za siku ile ya kilio zilikuwa na chumvi nyingi, au ni yeye tu.

Glodie alitembea kando yake, mkono wake mdogo umebana vidole vya Ndaya kwa nguvu, na hakujibu hata neno moja.